Kumfunza Mtu Kutazama

Kuna kitabu kimoja cha tiba ya watoto ambacho jalada lake hunifikirisha kila ninapoliona. Kiliandikwa na David Smith, daktari wa watoto wa Seattle, Marekani, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1970. Wakati huo jina la Smith lilikaa mahali pa mwandishi, kama ilivyo desturi ya vitabu. Smith alifariki Januari 1981 akiwa na miaka 54, na baada ya hapo jina lake likahama. Likapanda juu, likawa sehemu ya jina la kitabu chenyewe, na mahali pa mwandishi pakakaliwa na Kenneth Lyons Jones, aliyekuwa mwanafunzi wake. Tangu hapo, toleo baada ya toleo, kwa zaidi ya miaka thelathini, Jones amekitunza kitabu hicho. Ameongeza picha, ameingiza maradhi ambayo mwalimu hakuishi kuyajua, ameondoa yaliyopitwa na wakati. Jina hakuligusa. Ni mirathi ya aina yake: mrithi ana ruhusa ya kubadili kila ukurasa, ila hawezi kujifanya kwamba kazi ilianza naye.

Ndani mna nyuso. Ukurasa baada ya ukurasa kuna picha za watoto: sikio lililoshuka kidogo, vidole vilivyoshikana, macho yaliyoachana mno. Kitabu hicho hakisomwi kwa kufuatana. Daktari hukifungua akiwa na mtoto mmoja akilini, akapekua akimtafuta mwenzake. Na miongoni mwa nyuso hizo umo uso wa mtoto ambaye pombe ilimfikia kabla hajazaliwa. Uwazi wa macho yake ni mfupi, mdomo wa juu ni mwembamba, na kile kijifereji kinachoshuka kutoka puani hadi mdomoni, ambacho kila mmoja wetu anaweza kukipapasa kwa ncha ya kidole, kwake kimesawazika hata karibu hakipo. Kichwa ni kidogo, mwili umedumaa. Leo alama hizo hufundishwa vyuoni. Hadi mwaka 1973 zilikuwa hazijapewa jina.

Nataka kuuzunguka uso huo polepole, kwa sababu historia ya kuonekana kwake ni historia ya ulezi. Tukizungumza juu ya kuwalea wanasayansi chipukizi, mara nyingi tunataja vitu vinavyohesabika: semina, barua za kuwaombea nafasi, mafunzo ya kuandika maombi ya ufadhili, safari ya mkutano mmoja nje ya nchi. Vyote vina kazi yake, wala sivibezi. Lakini utafiti wa pombe katika mwili wa binadamu unadai kitu kingine kabla ya hivyo, kwa kuwa kinachochunguzwa hakikujificha. Pombe ipo harusini na matangani, ipo kilabuni na kwenye hoteli za kifahari, ipo mezani kwa mwanataaluma, na pengine ipo katika nyumba alimokulia huyo mtafiti kijana. Kitu kilichotapakaa kila mahali ndicho kigumu kuliko vyote kukiona. Macho hayana pazia, walisema wahenga, na ni kweli, hakuna kinachoyazuia yasipite juu ya kila kilichopo. Lakini kupitisha macho si kuona. Watoto wenye uso ule walipokewa na wakunga na madaktari karne na karne, wakapimwa uzito, wakaandikwa madaftarini, wakarudishwa nyumbani. Wote waliowapokea walikuwa na macho.

Basi jicho la kuona hutoka wapi? Usione vyaelea, vimeundwa. Smith mwenyewe aliundwa. Alipitia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, chini ya Lawson Wilkins, mmoja wa waasisi wa tiba ya homoni za watoto. Kutoka hapo akaenda Wisconsin, na mwaka 1960 akawa katika kundi la Klaus Patau lililoonyesha kwamba baadhi ya kasoro za watoto wachanga hutokana na kromosomu moja ya ziada. Mwaka 1964, pamoja na madaktari wawili vijana, Luc Lemli na John Opitz, alieleza maradhi ambayo hadi leo yanabeba majina yao matatu kwa mfuatano, la mkubwa na ya wadogo bila kutenganishwa. Akahamia Seattle, na katika miaka hiyo hiyo akaupa uwanja wake jina, dismofolojia, yaani elimu ya maumbile yaliyokwenda mrama.

Elimu ya namna hiyo haiingii kwa hotuba. Binti hujifunza kuchambua mchele akiwa amekaa kando ya bibi yake, ungo mapajani. Hapewi kanuni ya rangi wala ya ukubwa wa jiwe. Anauona mkono wa bibi ukisita, ukirudi, ukiokota. Anauliza, bibi umekionaje, na bibi anamwekea punje na kijiwe sambamba kiganjani. Msimu ukipita, mkono wa binti nao unasita panapostahili, na ukimwuliza kwa nini, hana jibu. Ndivyo ninavyoielewa kazi ya daktari anayewafunza wenziwe kuusoma uso wa mtoto. Wanahitaji mtoto mmoja aliyeketi mbele yao, watu wawili wanaomtazama, na muda wa kutosha. Huo muda wa kutosha ndio unaokosekana siku hizi kuliko vifaa vyote vya maabara. Msimamizi ana wanafunzi wengi, ana vikao, ana ripoti za wafadhili. Anasoma rasimu usiku na kuirudisha ikiwa na alama nyekundu. Alama nyekundu humwambia kijana alichokosea. Hazimwonyeshi mkono wa mkubwa ukisita.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya kaunti mjini Seattle, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, Christy Ulleland, alishughulishwa na watoto wachanga wasioongezeka uzito. Walilishwa, walilazwa, walitunzwa, na bado hawakukua. Angeweza kuandika kwenye faili kwamba mama ni mzembe, na nadhani hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alipekua kumbukumbu za hospitali, na humo akakuta jambo linalojirudia, ulevi wa mama. Mwaka 1972 alichapisha alichokiona. Smith na Jones, ambaye wakati huo alikuwa mwanagenzi wa Smith, wakaitwa wawatazame watoto wanane waliozaliwa na mama walevi. Wakawapima mmoja mmoja. Wanne kati ya wanane walifanana, ilhali hawakuwa ndugu.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa kuliko yote. Wawili hao walirudi kwenye majalada ya Smith mwenyewe, yale ya watoto ambao hapo nyuma alishindwa kuwapatia jina la maradhi, na humo wakawakuta wengine wawili wenye uso ule ule. Mama zao nao walikuwa wanywaji wa kupindukia. Maana yake mwalimu alikuwa ameshawaona. Bingwa wa kusoma nyuso, mtunzi wa kitabu cha nyuso, alikuwa na ushahidi ndani ya kabati lake, umepangwa, umetunzwa, na haukusema neno. Uliposema, ni kwa sababu daktari aliyekuwa chini kabisa katika ngazi ya hospitali aliuliza swali ambalo wakubwa hawakuliuliza. Sioni aibu kwa Smith katika hilo. Naona ukubwa wake. Kuna walimu wengi ambao, wakigundua kwamba jibu lilikuwa kabatini mwao miaka yote, wangelifunga kabati. Yeye alilifungua mbele ya mwanafunzi.

Makala yalitoka katika jarida la Lancet Juni 1973, yakieleza watoto wenye uso ule, ambao sasa walikuwa wamefikia wanane, wasio na undugu, kutoka makundi matatu ya asili tofauti, na Novemba mwaka huo huo Jones na Smith wakaupa mfumo ule jina: sindromu ya pombe kwa kijusi. Katika makala yale ya Juni majina yalikuwa manne, nayo yalipangwa hivi: Jones, Smith, Ulleland, kisha Ann Streissguth, mwanasaikolojia. La kwanza ni la mwanagenzi. Asiyeishi katika dunia ya utafiti anaweza kuona hilo kuwa jambo dogo, lakini waulize vijana wa vyuo vyetu. Kwao mpangilio wa majina ni ajira, ni cheo, ni kuitwa au kutoitwa kwenye mradi unaofuata. Wako wanaokusanya damu vijijini, wanaolala wakichambua takwimu, na kazi ikichapishwa wanajikuta mwishoni, katika mstari wa shukrani pamoja na dereva, au hawamo kabisa. Chanda chema huvikwa pete. Nami kwa maoni yangu Ulleland alistahili nafasi iliyo juu ya ile ya tatu, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Nafarijika kwamba makala ya 1972 yalitoka kwa jina lake peke yake, na kwamba hakuna aliyemzuia kuyatoa hadi wakubwa wawe tayari kuingia mbele.

Hata hivyo kuna jina jingine ambalo halikuwamo kabisa. Miaka mitano kabla ya makala yale ya Lancet, mwaka 1968, daktari wa watoto wa Nantes, Ufaransa, Paul Lemoine, pamoja na wenzake, walikuwa wameeleza watoto 127 wa wazazi walevi, na wakataja uso unaofanana, udumavu na kuchelewa kwa akili. Walichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la madaktari wa magharibi ya nchi yao. Hawakusikika. Seattle walipoandika yao hawakuijua kazi ya Nantes. Lisemwalo lipo, na lile lilikuwapo, limeandikwa, limechapwa, lakini lilikosa wa kulipokea na kulipeleka mbele. Mimi humwona Lemoine kila ninapofikiria tabibu wa zahanati ya mbali, Kilimanjaro au Busia, ambaye kwa miaka ishirini ameona jambo kwa wanywaji wa kijijini kwake na kuliandika kwa mkono wake kwenye rejista. Macho yake ni mazima. Anachokosa ni kijana wa kuketi kando yake, wa kulitoa lile daftari, kulisoma na kulibishia. Tunasema kijana anahitaji mlezi, na ni kweli. Lakini uoni wa mzee nao hufa ukikosa mtu mdogo wa kuurithi.

Sasa kuna aibu. Hakuna tawi la tiba linalotembea na aibu kama hili. Mwenye saratani huletewa pole. Mwenye ini lililokauka kwa pombe huulizwa kama hakuonywa. Mama aliyemzaa mtoto mwenye uso ule hubeba lawama ya aina mbili, ya ulevi na ya mtoto, na kijana anayeingia katika utafiti huu anaingia akiwa ameshazifundishwa zote mbili, nyumbani, msikitini au kanisani, na mitaani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Marekani yenyewe ilipata taasisi ya taifa ya kutafiti ulevi mwaka 1970 kwa msukumo wa seneta Harold Hughes, ambaye alikuwa mlevi akaacha, na hakulificha jambo hilo. Mlezi wa watafiti hawa ana kazi ambayo haimo katika mtaala wowote, nayo ni kuichuja lawama katika jicho la kijana kabla halijaelekezwa kwa mgonjwa. Hii si huruma ya kupendezesha utafiti. Jicho lenye lawama huona upungufu. Likishaandika kwamba mama ni mzembe, limefunga faili, na lile swali la Ulleland halizaliwi.

Maabara ilikuja kuunga mkono jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 1981 Kathleen Sulik na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walionyesha, katika jarida la Science, kwamba panya mjamzito akipewa pombe siku ya saba ya mimba, vijusi vyake hupata uso unaolingana na ule wa watoto wa Seattle: mdomo mrefu usio na mfereji, macho madogo. Siku ya saba ya panya ni sawa na wiki ya tatu ya mimba ya binadamu. Wiki ya tatu wanawake wengi bado hawajajua kwamba wana mimba. Kijana akiyasoma hayo vizuri, mkono wake wa kulaumu hushuka wenyewe. Mwaka huo huo, miezi michache baada ya Smith kuzikwa, daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa onyo lake la kwanza kwa wajawazito juu ya pombe, na kuanzia 1989 chupa za nchi hiyo zikalazimika kubeba maandishi ya onyo. Smith hakuyaona hayo. Wanafunzi wake waliyaona.

Na kuuliza je? Kuuliza si ujinga, lakini kumwuliza mtu anakunywa kiasi gani ni ufundi. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza dodoso lake la maswali 10 la kupima unywaji wa hatari, lile liitwalo AUDIT, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizotumika kulijenga. Dodoso linauliza idadi ya vinywaji, na kinywaji cha kawaida huhesabiwa kuwa na gramu 10 hivi za alkoholi. Hesabu hiyo ni nyepesi mezani penye chupa zenye lebo. Mpeleke mtafiti magharibi ya Kenya, kwenye chungu cha busaa kinachozungukwa na wazee, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mpeleke Uganda kwenye malwa, ambako maji ya moto huongezwa chunguni mara kwa mara na kilevi kinazidi kupungua. Mpeleke Kilimanjaro kwenye mbege, ambako kata hupita kutoka mkono hadi mkono. Mzee yule amekunywa vinywaji vingapi? Swali halina jibu, si kwa sababu anaficha. Halina jibu kwa sababu halikuulizwa kwa namna anavyokunywa.

Watafiti wa Eldoret, Wakenya na Wamarekani pamoja, kundi la Rebecca Papas, walilitazama tatizo hilo na mwaka 2010 wakachapisha pendekezo ninalolipenda kwa unyoofu wake: badala ya kumwuliza mtu ujazo, mwulize ametumia shilingi ngapi. Bei ya busaa na chang'aa mnywaji anaijua, ujazo haujui. Sina habari za nani alilisema hilo kwanza katika kikao, lakini najua ni maarifa ya aina gani. Ni maarifa ya mtu aliyewahi kutumwa na mjomba wake kilabuni akiwa na sarafu mkononi. Hapo ngazi inageuka. Profesa aliyetoka mbali analeta takwimu na mbinu. Kijana wa hapa analeta mrija na sarafu, na kama hajalelewa kuamini kwamba kujua kwake ni maarifa, atanyamaza. Nimeona vijana wenye akili kali wakinyamaza vikaoni mbele ya wageni, halafu nje, chini ya mwembe, wakieleza kwa sentensi mbili kwa nini dodoso lile halitafanya kazi. Adabu tuliyofundishwa ni njema, mkubwa hakatizwi; lakini mlezi wa kweli huitambua adabu hiyo na kuifungulia mlango. Husema, mwanangu, hebu tuambie kwenu wanakunywaje, kisha yeye ndiye anayenyamaza.

Siku hizi kuna kipimo cha damu pia. Pombe ikiwamo mwilini, chembe nyekundu za damu hutengeneza kemikali iitwayo phosphatidylethanol, ambayo hubaki kwa wiki mbili hadi nne. Mbarara, Uganda, watafiti wameitumia kwa watu wanaoishi na VVU, na wamekuta wengi waliosema hawanywi huku damu ikisema vingine. Hapo ndipo hutambulikana kijana alilelewa na nani. Mmoja ataandika, washiriki walidanganya. Mwingine atajiuliza aliyekaa mbele ya mhudumu wa kliniki alihofia nini: kunyimwa dawa, kugombezwa, kuonekana hafai? Kwa wa kwanza damu ni shahidi wa kumtia mtu hatiani. Kwa wa pili ni habari kuhusu kliniki yenyewe. Takwimu zao zitalingana hadi nukta ya mwisho, na sayansi itakayotokana nazo haitalingana.

Wahenga wetu walimjua mgema. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii husemwa juu ya fundi yeyote, lakini kwa watafiti wa pombe inasimama mahali pake pa asili, kilabuni. Uwanja huu una wasifiaji matajiri. Mwaka 2018 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilisimamisha jaribio kubwa lililokusudia kupima kama kunywa kwa kiasi kunaulinda moyo, baada ya kubainika kwamba fedha nyingi zilitoka kwa watengenezaji wa pombe, na kwamba baadhi ya maofisa na watafiti waliwasiliana nao mapema kwa namna iliyoutia shaka muundo wa jaribio lenyewe. Waliokuwamo hawakuwa watu wajinga. Nasikitikia zaidi vijana waliokuwa chini yao, kwa kuwa kijana hujifunza mipaka kwa kumwona mkubwa akikataa kitu, na mkubwa asiyekataa chochote hufundisha vilevile. Afrika Mashariki, ambako ruzuku ya utafiti ni haba na viwanda vya bia ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa, somo la kukataa lingepaswa kuanza mapema, likifundishwa na mtu ambaye kukataa kuliwahi kumgharimu.

Lakini sababu kubwa ya kuujali ulezi huu naiona katika saa ya ugonjwa wenyewe. Ini huchukua miaka mingi kukauka. Mtoto aliyeguswa na pombe tumboni hawezi kujulikana alivyopungukiwa mpaka aingie shule, afike ujana, atafute kazi, ashindwe kukaa nayo. Streissguth, lile jina la nne, alilielewa hilo. Katikati ya miaka ya 1970 yeye na wenzake walianza na wajawazito wa Seattle, kisha wakawafuata watoto wao takriban 500, mwaka baada ya mwaka, hadi walipokuwa watu wazima wa miaka 25. Fikiria maana yake. Msaidizi aliyempima mtoto akiwa mchanga si yule aliyemhoji akiwa kijana. Faili zilipita mikononi mwa watu ambao mradi ulipoanza walikuwa bado wanasoma sekondari. Swali la urefu wa maisha ya mtu haliingii ndani ya mkataba wa mradi wa miaka mitano, wala ndani ya ajira ya profesa mmoja. Ndiyo maana siuoni ulezi kuwa hisani inayoongezwa juu ya utafiti wa pombe fedha zikibaki. Ni kifaa cha utafiti wenyewe, cha lazima kuliko darubini, kwa sababu kwa maswali haya hakuna njia nyingine ya kufika kwenye jibu ila kupitia mtu atakayekuwapo baada yako.

Mkono mmoja haulei mwana, na mlezi mmoja halei mtafiti. Anahitaji yule wa kumfunza kutazama, mwingine wa kumfunza hesabu, mwingine wa kumtetea kwenye kikao asichoitwa, na muuguzi mzee wa kumwambia kwamba mama fulani halali nyumbani kwake wiki hii. Vyuo vyetu humhesabu mmoja tu, yule aliyetia saini fomu. Jones, ambaye baadaye alihamia San Diego, alianzisha huko huduma ya simu ya kuwajibu wajawazito wenye hofu juu ya dawa na vileo, na kwenye simu hizo kizazi kingine cha vijana kikajifunza kusikiliza. Hilo halikuwamo katika kitabu cha Smith. Lakini silioni kuwa limeachana nacho.

Mwaka huu Eldoret, Moshi na Mbarara watazaliwa watoto ambao mama zao walikunywa busaa au mbege kabla ya kujua kwamba ni wajawazito, na hakuna dodoso lililoundwa mbali na huko ambalo peke yake linaweza kueleza walikunywa kiasi gani. Watakapofika darasa la pili baadhi yao watashindwa kukaa kitini, na mwalimu ataita utundu. Anayeweza kuwafuata watoto hao mpaka watakapokuwa watu wazima, akijua bei ya kata na jina la mama, pengine sasa hivi yuko mwaka wa pili wa chuo. Atahitaji mshahara, atahitaji friji ya kuhifadhia damu ambayo umeme haukatiki, na atahitaji mtu wa kumwambia mapema, wakati bado anasita, kwamba swali hilo anaruhusiwa kuliita lake.